Namba Iliyofichwa na Uzi

Chumba cha mbele cha nyumba hii kina mlango mmoja, dirisha moja na cherehani moja. Mwenye cherehani ni mwanamke. Watu wote humwita Fundi. Hata mumewe humwita hivyo, na yeye ni mwoka mikate, mtu asiyejua kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nimeshonewa suruali mbili katika chumba hicho. Moja ilinibana, lakini kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimenenepa.

Karibu na dirisha hukaa baba mkwe wa Fundi. Tumwite Babu, kama mtaa mzima unavyomwita. Kwa miaka arobaini Babu alitandaza vigae vya sakafu katika nyumba za watu. Kazi ya vigae ni kazi ya kupiga magoti. Unapiga magoti asubuhi, unanyanyuka saa sita kula, kisha unapiga magoti tena mpaka jioni. Sakafu za Babu ziko imara hadi leo. Magoti yake ndiyo yaliyochoka.

Siku hizi Babu humsaidia Fundi kazi za kukaa. Hufumua mishono, hushona vifungo, na huongea sana. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, Babu humwambia, "Tulidhani umehama nchi."

Mwezi mmoja magoti yalizidi kuuma. Fundi akampeleka Babu kliniki ya mtaani. Kliniki ilikuwa safi, na kila kitu kilikuwa cha zambarau. Saa ya ukutani ilikuwa ya zambarau. Kalenda ilikuwa ya zambarau. Kalamu ya daktari hali kadhalika. Vyote viliandikwa jina moja, jina la dawa mpya ya maumivu.

"Hii ni nzuri sana," alisema daktari. "Imeingia mwaka huu. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Haina madhara, daktari?" aliuliza Fundi.

"Watu wa kampuni walikuja kutufundisha. Walisema haina shida."

Daktari hakudanganya. Alisema kile alichoambiwa. Ila hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo, na hilo lilikuja kumuumiza baadaye.

Vidonge vilifanya kazi. Siku ya tatu Babu alitembea mpaka kwa muuza magazeti na kurudi bila fimbo. Wiki hiyohiyo wakala wa kampuni ya dawa alifika kwa Fundi na jora la kitambaa cha zambarau. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Alitaka aproni mia mbili zenye jina la dawa. Zingevaliwa kwenye maonyesho ya afya.

"Daktari ndiye aliyenielekeza kwako," alisema.

Fundi alifurahi. Kazi kama hiyo haikuwahi kuingia katika chumba kile.

Sasa nieleze tabia moja ya Fundi, maana ndiyo iliyotaka kuharibu mambo. Fundi hapendi maboksi. Kila kitu kikiingia kwake, hukitoa kwenye boksi na kukitia kwenye kopo. Vifungo vina kopo, pini zina kopo, na dawa za Babu zikapewa kopo. Fundi alivitoa vidonge vyote kwenye pakiti zake na kuvimimina humo. Karatasi ya maelezo aliitumia kuwashia jiko. Boksi lenyewe alilikata vipande vidogo vya kuzungushia mabaki ya nyuzi. Hakuna kilichopotea. Ndivyo alivyodhani.

Wiki sita zilipita. Babu akaanza kulalamikia viatu.

"Viatu hivi vimesinyaa," alisema.

"Viatu vya ngozi husinyaa vikiloa, baba," alisema Fundi, huku macho yake yakiwa kwenye aproni.

"Havijaloa."

"Basi vaa ndala."

Babu akavaa ndala. Pia alikuwa amechoka siku nzima, na haja ndogo alikuwa akipata kidogo tu. Hilo hakulisema. Mwanamume wa umri wake haoni ni habari ya kumwambia mkwewe.

Ijumaa moja Fundi alimpa Babu suruali mpya aijaribu. Alikuwa amempima mwezi uliotangulia. Kiunoni ilikaa vizuri. Lakini chini, mguu haukupita. Fundi alidhani amekosea kukata. Alichukua tepu yake akampima Babu kwenye kifundo cha mguu. Akapima tena. Kisha akafungua daftari la vipimo.

"Baba, kiuno ni kilekile. Mguu umeongezeka inchi tatu."

"Labda narefuka kwa upande," alisema Babu.

Fundi hakucheka. Alibonyeza mguu kwa kidole. Kidole kiliacha shimo, na shimo halikurudi upesi. Aliogopa.

Wakati huohuo jirani yao alipiga hodi. Alikuwa mfamasia wa hospitali ya serikali, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alikuja kuchukua gauni lake lililopanuliwa mikono. Alimsalimu Babu kwa heshima, kisha akaiona miguu. Gauni akalisahau.

"Mzee, unatumia dawa gani?"

Fundi alimletea kopo. Mfamasia alilitikisa, akachungulia ndani.

"Hivi ni vidonge. Sijui ni vidonge gani. Boksi lake liko wapi?"

"Nilikata."

"Na karatasi ya maelezo?"

"Niliwashia jiko."

Mfamasia hakumgombeza. Alisema tu, "Twende hospitali sasa hivi. Asimeze kingine. Na hilo kopo tulibebe."

Hospitalini walimpima Babu damu na mkojo. Figo zake zilikuwa zimeumia. Figo ndizo zinazosafisha damu na kutoa maji mwilini. Zikishindwa, maji hubaki, na miguu huvimba. Daktari wa zamu alisema kwamba dawa nyingi za maumivu zinaweza kuumiza figo, hasa za wazee, zikitumiwa siku nyingi bila vipimo. Alizuia vidonge vile na kumlaza Babu siku tisa. Kila jioni Fundi alikaa kando ya kitanda chake. Mkononi alishika aproni bila kuishona. Alijilaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha kumeza.

Babu alirudi nyumbani amekonda, lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Jioni hiyo mfamasia alikuja kumjulia hali. Alikuwa na fomu mkononi.

"Hii ni ya Mamlaka ya Dawa," alisema. "Ni ofisi ya serikali inayochunga dawa. Mgonjwa akidhurika, tunawaandikia. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuandika, au ndugu yake, au muuguzi. Ni bure."

Mumewe Fundi alikuwa amekaa mlangoni, unga bado uko kwenye nywele. Akauliza, "Baba ameshaumia. Karatasi itamponya?"

"Haitamponya. Lakini dawa hii inauzwa kila mahali. Nyinyi mnamjua mgonjwa mmoja tu. Hospitali ya mbali nayo inamjua mmoja tu. Kila mmoja anadhani ni bahati mbaya yake. Mamlaka ikipata karatasi kumi, inaona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekiona."

"Lakini si serikali hiyohiyo iliyoiruhusu?" aliuliza Fundi.

"Iliiruhusu. Kabla ya kuuza, kampuni huijaribu dawa kwa watu mia kadhaa au elfu kadhaa, kisha hupeleka majibu serikalini. Ikishaingia madukani, wanaimeza watu malaki, wazee kwa wagonjwa. Kuna madhara yanayojitokeza hapo tu. Kwa hiyo kibali siyo mwisho wa kazi. Kampuni inatakiwa iendelee kusikiliza. Ikisikia dhara, lazima iiambie Mamlaka na iandike onyo kwenye boksi."

"Na ikijinyamazia?"

"Ikijua na kunyamaza, ina la kujibu. Inaweza kuamriwa kutibu watu na kuwalipa fidia. Ndiyo maana wengine hupenda dhara lisiandikwe popote."

Babu alikuwa akisikiliza amefumba macho. "Na ile saa ya kliniki?" aliuliza. "Saa nayo ina kosa?"

"Saa haina kosa, mzee. Lakini daktari akilitazama jina lile mara hamsini kwa siku, mkono wake unalizoea. Siku moja unaliandika kabla yeye hajafikiri. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana inagawa saa."

Fundi aliangalia rundo la aproni za zambarau kwenye kona. Aliona aibu. Hakuna aliyemsema, na hiyo ilizidisha aibu.

Walianza kujaza fomu. Jina la dawa walilijua. Tarehe walizikumbuka. Kisha wakafika kwenye mstari mmoja: namba ya toleo.

"Ni namba inayopigwa kwenye boksi," alieleza mfamasia. "Dawa hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake. Bila namba, kampuni inaweza kusema hii siyo yetu, ni ya bandia, mmeinunua barabarani. Na sisi tuna vidonge vitupu kwenye kopo."

Fundi aliinuka. Alikwenda kabatini akavuta droo ya nyuzi. Akaimimina yote mezani. Kulikuwa na vikadi zaidi ya sitini vya nyuzi za kila rangi.

"Boksi limo humu," alisema. "Sijui ni vikadi vipi."

Ikawa kazi ya watu wanne. Walifungua uzi kwenye kila kikadi na kutazama chini yake. Boksi la majani ya chai. Boksi la sabuni. Boksi la viatu vya mtoto. Mumewe Fundi alijifunga uzi wa kijani mikononi mpaka ikabidi ukatwe kwa mkasi. Babu alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini mikate ya mwanawe huwa imepinda.

Kikadi cha arobaini na kitu kilikuwa na uzi mweusi. Fundi aliufungua polepole. Chini yake ilikuwa rangi ya zambarau, na pembeni ziliandikwa herufi mbili na tarakimu tano, na tarehe ya kuisha muda. Mkasi ulipita milimita chache tu kutoka hapo. Fundi alikaa chini.

"Soma wewe," alimwambia mfamasia.

"Hapana. Soma wewe, mimi naandika."

Fundi alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Alisoma tarakimu moja moja, kwa kidole, na hakukosea hata moja. Kesho yake fomu ikaenda, pamoja na kikadi na vidonge vilivyobaki.

Siku nne baadaye wakala wa kampuni alikuja. Hospitali ilikuwa imempa daktari wa kliniki habari za Babu, naye akampigia wakala simu kumuuliza kuhusu uvimbe, lakini wakala hakumjibu daktari. Alikuja kwa Fundi. Nyuma yake wanaume wawili walibeba godoro jipya.

"Tumesikia mzee ameumwa," alisema. "Kampuni imeguswa. Tumemletea zawadi."

"Nimeumwa figo," alisema Babu. "Mgongo wangu hauna neno."

Wakala alicheka kidogo, akatoa karatasi na kalamu. "Mama, saini hapa tu. Ni ya kupokea godoro."

Fundi alichukua karatasi. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Wakala alisubiri. Fundi alisogeza kidole. Wakala akaangalia saa yake. Fundi hakuharakishwa.

"Godoro liko mstari wa kwanza," alisema mwishowe. "Hii mistari mingine kumi na mmoja inasema nini?"

"Ni maneno ya kawaida ya ofisini."

"Hapa panasema uvimbe haukutokana na dawa. Wewe unajuaje? Hujamuuliza hata hali yake. Na hapa panasema hatutapeleka malalamiko popote."

"Mama, dawa ile ina kibali cha serikali. Ilikaguliwa, ikapita."

Babu alijisogeza kwenye kiti. "Kijana, mimi nimetandaza vigae miaka arobaini. Kuna nyumba moja, mkaguzi alikuja, akakanyaga sakafu yangu, akaandika safi. Mwaka haukuisha, vigae viwili vikanyanyuka. Mke wa mwenye nyumba akajikwaa, akavunjika mkono. Unadhani nilimwambia akamuulize mkaguzi?"

Wakala aliangalia sakafu.

"Nilikwenda nikavunja sakafu yote nikaitandaza upya. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Mkaguzi alikanyaga siku moja. Aliyechanganya saruji ni mimi."

Wakala alimgeukia Fundi. Sauti yake ilibaki ya upole. "Sawa. Lakini mama, tulikuwa tunafikiria kukupa aproni za mwaka ujao pia. Mia tano. Sitaki jambo dogo lituharibie."

Mumewe Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mimi najua alichokuwa anawaza, kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye. Alikuwa anawaza paa la chumba cha nyuma, ambalo huvuja kila mvua ikinyesha. Alitaka Fundi asaini. Alimtazama mkewe, akamtazama baba yake na ile miguu. Kisha akaliinua godoro upande mmoja.

"Nisaidieni," aliwaambia wale wanaume wawili. "Linarudi garini."

Fundi alimrudishia wakala karatasi yake. "Aproni zako zimebaki ishirini. Nitazimaliza, kwa sababu nilikubali kabla sijajua. Za mwaka ujao mtafutie mtu mwingine."

Usiniambie kwamba haikumuuma. Ilimuuma. Alizishona zile ishirini huku amenuna, na sindano mbili zilivunjika.

Miezi miwili ilipita. Maafisa wawili wa Mamlaka ya Dawa wakafika na mkoba wa karatasi. Waliketi kwenye benchi la wateja na kueleza bila haraka. Ile namba ilikuwa kwenye vitabu vya kampuni yenyewe, kwa hiyo neno bandia halikuweza kusemwa. Ripoti nyingine zilikuwa zimefika kutoka sehemu mbalimbali, jumla kumi na nne. Tena walipokagua ofisi za kampuni, walikuta barua za madaktari wa kwingine. Walikuwa wamelalamika kuhusu figo mwaka mmoja kabla. Barua zilijibiwa kwa shukrani na kufungiwa kabatini.

"Kwa hiyo walijua," alisema Fundi.

"Walijua," alisema afisa.

Mamlaka ilisimamisha dawa ile. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Hospitali ziliagizwa kuwatafuta wote walioandikiwa na kuwapima. Kampuni iliamriwa kubeba gharama za matibabu ya waliodhurika. Kesi ya fidia ilifunguliwa, na ninapoandika haya bado inaendelea. Kampuni ina mawakili wengi na haina haraka.

Daktari wa kliniki naye alikuja, kwa miguu, Jumapili. Alikataa chai mpaka aseme kwanza.

"Mzee, niliwasikiliza wauzaji kuliko nilivyosoma mwenyewe. Ningekupima figo kabla ya kukupa dawa, na baada ya wiki mbili. Sikufanya. Nisamehe."

"Umekuja mwenyewe," alisema Babu. "Kaa unywe chai."

Siku hizi wawakilishi wa kampuni hawaingii tena kwenye chumba cha daktari yule. Wagonjwa wake wanasema amekuwa mtu wa maswali mengi, na wengine wanalalamika anachelewesha foleni.

Nyumbani kwa Fundi maboksi ya dawa hayakatwi tena. Dawa hukaa kwenye pakiti yake, na karatasi ya maelezo husomwa na kutunzwa mpaka dawa iishe. Wateja wengine huja na karatasi zao mfukoni. Fundi huwasomea polepole, na neno asilolielewa hulipigia mstari ili amuulize mfamasia.

Babu hakupona kabisa. Figo zake zinafanya kazi kwa kiasi tu. Kila mwezi huenda kupimwa. Magoti hukandwa kwa maji ya moto, na hufanya mazoezi aliyofundishwa hospitalini, huku akilalamika. Kuna siku hukaa dirishani bila kumtania mtu. Siku moja, tangazo likiwa bado linasomwa redioni, alimwambia Fundi, "Tulifanya yote, mwanangu, lakini kwangu tulichelewa."

Wiki iliyofuata mwanamke mmoja alipiga hodi. Hawakumjua. Alisema anaishi mbali, upande wa pili wa mji, na alikuwa ameshika boksi la zambarau.

"Samahani," alisema. "Hapa ndipo kwa mzee wa figo?"

"Ndiyo, ni mimi," alisema Babu.

"Mama yangu alianza dawa hii Jumatatu. Jumanne jioni nikasikia tangazo, nikamwambia asimeze tena. Tukagombana, maana magoti yake yanamtesa. Leo nimetoka kumpeleka kupimwa. Figo zake ni nzima. Mfamasia wa hospitali akaniambia ripoti ya kwanza yenye namba iliandikwa katika nyumba hii. Nikasema lazima nije."

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na miwili."

"Alimeza vingapi?"

"Vitatu."

Babu aliligusa lile boksi la zambarau.

"Vitatu tu," alisema. "Mwambie mama yako nimefurahi. Mwambie asikugombeze tena."

Mwanamke yule alimshika Babu mikono yote miwili, akaaga. Alipotoka, Babu alianza kulia, bila kujificha. Fundi alisimamisha cherehani, akavuta kiti, akakaa naye hapo dirishani.